Mrejesho: Riwaya yangu ya upelelezi wa wafumaji

Wakuu, niliuliza nifanyeje na riwaya yangu ya upelelezi mwepesi, isiyoonyesha damu wala vitisho. Mpelelezi ni mama mfuma sweta, ila ufumaji ulikaa kama pambo tu. Asanteni sana kwa michango.

Aliyesema ufumaji wenyewe utoe ushahidi, Mungu ambariki. Kila mfumaji hukaza uzi kwa namna yake, hata sindano na uzi vikiwa vilevile. Sasa mama anagundua kuwa mkono mmoja wa sweta umefumwa na mtu mwingine: vitanzi vimelegea, mkono umetoka mpana. Wasomaji wangu wa majaribio waliipenda sura hiyo kuliko zote.

Kupunguza washukiwa pia kumesaidia. Kuweka maelekezo ya kufuma mwisho wa kila sura hakukunifaa. Wasiofuma waliyaruka na hadithi ikapoa. Nimeyahamishia mwishoni mwa kitabu.

Muuaji ndiye bado tatizo. Wasomaji wanamnusa mapema mno, maana ndiye pekee katika kikundi cha wafumaji asiyemaliza kazi zake (na wafumaji tunajuana, nani humaliza!). Nimempa wenzake wawili wenye tabia hiyohiyo, rasimu iko kwa wasomaji wapya.