Wakuu, fundi anataka anipigie Window 11 mashine zote mbili za steshenari, nikubali au nihamie Linux kama mdogo wangu anavyosema?

mama_kadi

Habari za mihangaiko wakuu. Nina kasteshenari kangu hapa Mbagala, kazi zenyewe mnazijua, kopi, kuprinti, kuskani vyeti, laminesheni, kadi za michango na za harusi, halafu HESLB wakifungua maombi ya mkopo au Ajira Portal wakitangaza nafasi ndo tunakula vizuri kidogo. Mashine ninazo mbili. Laptopu HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha 6, RAM 8, ina SSD. Na desktopu Dell OptiPlex 7010 RAM 4, hadi diski yake ile ya kizamani inayolia krr krr ukiwasha. Zote Windows 10, na apudeti nilizima siku nyingi maana zilikuwa zinanimalizia bando.

Sasa juzi kaja kijana wa chuo na flashi nimprintie ripoti yake ya field, kurasa 47. Nimechomeka kwenye Dell, nimeprinti, kalipa kaondoka. Haijapita nusu saa karudi uso umemshuka, mafaili yote kwenye flashi yamegeuka shotikati, ya KB 2 KB 2, ukibofya haifunguki kitu. Nikamwambia labda umeitoa chuo na ugonjwa wake. Jioni mama mmoja karudi na kesi hiyo hiyo. Kesho yake mwingine. Hapo nikajua mgonjwa siyo wao, mgonjwa ni mimi na ndo nawaambukiza wateja.

Fundi wangu kaangalia kasema hii ni kwa sababu Windows 10 muda wake umeisha, nimpe elfu 60 apige Window 11 zote mbili. Mdogo wangu anasema niachane na Microsoft niweke Linux haishiki virusi kabisa. Mimi naogopa Publisher, kadi zangu zote za miaka 6 ziko humo. Nishaurini kama mnamshauri dada yenu, naomba matusi tuache.

kona_bandari

Uza zote chukua Mac. Uzi ufungwe.

Tumbili wa Kimara

@kona_bandari mtu ana OptiPlex inalia krr krr we unamwambia Mac 😂 kopi moja bei gani kwani

mzee_wa_bios

Dada pole. Ngoja nianze na fundi, ana robo ya ukweli. Ni kweli Microsoft walifunga Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake matundu yanayogunduliwa baada ya hapo hayazibwi bure bure kama zamani. Na matundu siyo hadithi, kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kililiza mahospitali Uingereza wakati kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi, miezi miwili nyuma, walioumia ni wale ambao hawakuapudeti, kama wewe uliyezima kwa ajili ya bando.

Ila kirusi cha shotikati hakina uhusiano wowote na hilo. Kile ni kidude cha kizamani, kinaficha mafaili yako kinaweka shotikati zenye majina yale yale, mtu akibofya anakiendesha mwenyewe kwa mkono wake. Defender, antivairasi inayokuja na Windows 10 yenyewe, inavikamata vya aina hiyo tangu enzi. Swali langu ni kwa nini kwako haikukamata. Nenda Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka chini kabisa mpaka pameandikwa Exclusions, ufungue uniambie unaona nini. Usifanye kitu kingine kwanza, na hiyo elfu 60 iache kwenye pochi.

Kuhusu mafaili ya wateja, mengi hayajafutika, yamefichwa tu. Chomeka flashi kwenye mashine isiyo na kirusi, fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri), kama flashi ni E andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

yatatokea. Halafu zile shotikati na kifaili chochote kinachoishia na .vbs futa. Mpigie huyo kijana kabla hajaanza kuchapa upya ripoti.

cyber_ya_kona

Mimi niko Nakuru, nina cyber ya PC sita. Tano niliweka Linux Mint na sijawahi juta. Wateja wa eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na wa KRA (mambo ya kodi) wanataka tu brauza, hawajui hata kama sio Windows, mmoja tu ndio aliniuliza Start imeenda wapi. Hiyo Dell yako weka Mint ya Xfce, ni nyepesi, Mint 22 iko na sapoti mpaka 2029. Lakini usidanganywe kila kitu kinakubali. Mafaili ya Excel yenye makro yatakusumbua kwa LibreOffice, ile Office ya bure, na kuna printa ndogo za leza za zamani draiva zake kwa Linux ni maumivu ya kichwa. Kabla ufute chochote, weka Mint kwa flashi, washa mashine kutoka kwa hiyo flashi bila kuinstoli, jaribu printa na skana yako. Zikikubali endelea, zikikataa zima, Windows yako utaikuta pale pale vile uliiacha.

mama_kadi

@mzee_wa_bios nimeenda nilivyoelekezwa. Kwenye Dell humo kwenye Exclusions pameandikwa Folder, C:\ basi. Kwenye laptopu pia hivyo hivyo C:\ na kuna nyingine inaishia na KMS. Hiyo maana yake nini?

Halafu mungu akubariki, ile attrib imekubali, ripoti ya kijana yote kurasa 47 imerudi, kanishukuru utasema nimemlipia ada.

mzee_wa_bios

Ndo nilichokuwa nakihofia. Maana yake ni kwamba umeajiri mlinzi, ukamwambia alinde mtaa mzima isipokuwa nyumba yako. Aliyekupigia window aliiaktiveti kwa kidude cha kukrak (ndo hiyo KMS), na kidude kile Defender inakikataa, kwa hiyo mafundi wengi ili wasisumbuke wanaitoa diski C nzima kwenye ulinzi. Inaonekana antivairasi ipo, ina tiki ya kijani, kumbe haiangalii kitu. Sasa fikiria huyo huyo akikupigia Window 11 kwa mtindo huo huo. Utakuwa na Window 11 yenye C:\ kwenye Exclusions.

Na mashine zako zote mbili kwa orodha ya Microsoft hazifai Window 11, kwa Intel wanataka kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Fundi atapitisha kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuinstoli inayoruka masharti hayo, itawaka, itafanya kazi, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine za hivyo hawaahidi kuzipa apudeti. Kwa hiyo unalipa elfu 60 kukimbia tatizo la apudeti unaingia kwenye tatizo la apudeti.

Dada Pivoti

Mzee kaongea yote ila mi niongeze la wateja maana hapa watu wanalipita. Kwenye hiyo Desktop yako dada, sasa hivi, kuna skani ngapi za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watu? Mimi niliwahi kuprinti sehemu moja Posta nikaona CV za watu zimepangwa kwenye skrini kama maembe sokoni, na ya kwangu nikaiona humo ya mwaka juzi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, siyo mambo ya kuchezea. Futa kila jioni, na wateja wanaotaka kufungua barua pepe zao wafungulie dirisha la faragha ili wakiondoka usibaki na akaunti yao wazi. WhatsApp nayo, tumia ya duka, usimruhusu mteja aunganishe yake, wanasahau kutoka halafu unakaa unasoma ujumbe wa ndoa za watu bila kutaka.

mama_kadi

😂😂 hiyo ya ndoa za watu imeshanitokea, siongei zaidi.

NIDA nimehesabu, ziko 212 kwenye folda moja tu inaitwa SCAN MPYA. Nimefuta zote na Recycle Bin nimemwaga.

Tumbili wa Kimara

Weka Linux tu, Linux haina virusi, nimemaliza

mzee_wa_bios

@Tumbili wa Kimara hapana mkuu tusidanganyane. Machi 2024 kulikutwa mlango wa nyuma umepachikwa ndani ya xz, kifaa kinachotumika kwenye Linux karibu zote, na aliyeukamata alikuwa mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, kwa sababu tu kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali) kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde akashindwa kuvumilia. Na mtu akikutumia linki feki ya benki, paswedi utaiandika mwenyewe uwe na Linux uwe na jiko la mkaa. Ila kwa kazi ya kupokea flashi za mtaani hapo nakubaliana nawe, Mint inafaa, zile .vbs haiziendeshi, utaziona zimelala humo kama mende waliopigwa dawa.

Dada, laptopu usiiguse kwanza. Fungua CMD kwa Run as administrator, andika

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

ikikuletea herufi 25 zenye vistari nijulishe, ila ZISIWEKE HAPA, sema tu ipo au haipo.

mama_kadi

Ipo! Zimetokea. Ni nini hiyo?

mzee_wa_bios

Hiyo ni leseni yako halali. EliteBook nyingi hizi zinazotoka maofisini Ulaya zilinunuliwa na Windows Pro, na ufunguo umechomwa kwenye BIOS (chipu ya ubao wa mashine yenyewe) tangu kiwandani. Angalia Settings, System, About, nina uhakika utakuta fundi kakuwekea Enterprise au toleo jingine ambalo ufunguo wako haulifungui, ndo maana ikabidi akrak. Ukipiga Windows 10 Pro 22H2 (toleo la mwisho la Windows 10) safi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, ukiunga intaneti itajiaktiveti, haikuulizi kitu. Umekaa na ufunguo mfukoni miaka yote unalipa mtu akupitishe dirishani.

Ukishamaliza, jiandikishe kwenye ESU, ile nyongeza ya viraka vya usalama mpaka Oktoba 2026. Iko kwenye ukurasa wa Windows Update, njia ya bure ni kuingia na akaunti ya Microsoft na kukubali bakapu ya settings, au unalipa dola 30. Inataka 22H2, ndo maana nakwambia upige hiyo. Bando lisikutishe, kwenye mtandao wako weka Metered connection (mtandao wa kupimiwa bando), halafu kwenye Delivery Optimization zima ile ya kutuma kwa mashine nyingine za intaneti, ikiwa imewashwa bando linaweza kutokea mlango wa uani.

cyber_ya_kona

Hapo umeniweza, mimi mwenyewe nimeenda kuangalia ile PC yangu ya sita na key iko. Aki miaka minne.

Mti_Mkavu

Na Office? Hakuna aliyesema Office. Nayo kakrak, mnasafisha sebule mnaacha choo.

Dada Pivoti

@Mti_Mkavu kweli. Na Publisher yenyewe dada, hata ungeinunua, Microsoft wametangaza wanaistaafisha Oktoba 2026. Kwa hiyo kadi zako zitoe humo zikiwa bado zinafunguka. Kabla ya kuformati, fungua kila .pub moja moja uisevu PDF, na picha za maua na fremu zitoe pembeni kwenye folda yake. LibreOffice Draw inafungua .pub ila usitegemee itafika salama.

mama_kadi

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Fundi nilimwambia asubiri, kanuna, tutapatana.

Dell sasa ni Mint. Niliwasha kwa flashi kwanza kama kaka wa Nakuru alivyosema, printa ikakubali, skana ikakubali ila rangi ilikuja ya bluu nikahangaika nayo nusu siku, sijui hata nilifanyaje ikatulia. Flashi zote za wateja zinaingia hapo tu. Jana kaja mtu, nimefungua flashi yake nikayaona yale yamelala, shotikati na kifaili cha .vbs na folda isiyo na jina ndani yake mafaili yote yako mazima. Nikamwonyesha, nikamsafishia, nikamchaji 500.

Laptopu nimepiga Pro safi, imejiaktiveti yenyewe nikiwa naangalia, nimeshangaa kama mtoto. Exclusions haina kitu. ESU imekubali.

Ripoti za wanafunzi kwenye LibreOffice za Times New Roman zinakuja sawa, za maandishi mengine kurasa zinahama, kwa hiyo nimebandika karatasi ukutani LETA PDF.

Kadi ndo msiba. Nilikuwa nazo 340, nimetoa PDF 190 nikachoka. Kwenye Draw nimefungua moja ya send-off, ua limeruka juu ya jina la bibi harusi na mstari wa "Tafadhali wasilisha mchango wako kabla ya" umekwenda kusimama peke yake pembeni kama mgeni asiyealikwa. Kuna anayejua programu ya kadi isiyo ngumu, ya bure, inayokubali kote kote? Nina oda ya kadi 150 za mchango za Jumamosi.

Dada Pivoti

Inkscape, iko ya Windows na ya Linux. Siku tatu za kwanza utaichukia. Oda ya Jumamosi fungulia PDF ya zamani ndani ya Inkscape, badili majina na tarehe tu, maua usiyaguse.

Tumbili wa Kimara

Steshenari iko Mbagala ipi dada nina flashi tatu hapa

mama_kadi

Njoo PM. Ila 500 kila moja.