Uzamili kwa tasnifu tupu (Siasa na Uhusiano wa Kimataifa): andiko (pendekezo la utafiti) limerudishwa kuwa "pana mno", nilipunguze vipi?

Kinda la Korongo
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wenye uzoefu na uzamili wa utafiti, ule usio na kozi za darasani, miaka 2 ni wewe na msimamizi. Mada niliyowasilisha ni "Athari za mataifa makubwa katika siasa za Afrika Mashariki". Imerudi na maneno mawili tu: pana mno.

Maswali yangu: napunguzaje bila kupoteza ninachokitaka? Je, ni lazima nishike nadharia moja? Na kwenye mbinu nimeandika mahojiano na maafisa 60 wa Dodoma, Nairobi na Kampala, kuna shida hapo? Chuo ni cha hapa Tanzania.

Rafu ya Tatu
Mkuu, upana ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kwamba mada yako haina swali ndani yake. Kwenye tasnifu tupu hakuna alama za kozi za kukubeba, mtahini anasoma kitu kimoja. Atatafuta swali lenye nchi, lenye kipindi, na lenye jambo ambalo lingeweza kwenda vingine lakini halikwenda.

Nikupe mfano ulio jirani na unachotaka. Machi 2, 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio ES-11/1, la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) wakati ule ilikuwa na wanachama 6: Kenya na Rwanda zikasema ndiyo, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikajizuia. Aprili 7 ikaja kura ya kuisimamisha Urusi kwenye Baraza la Haki za Binadamu, ikapita kwa 93 dhidi ya 24, na 58 zikajizuia. Safari hii Kenya nayo imo kwenye waliojizuia, na Burundi imepinga kabisa.

Hapo una fumbo. Kwa nini Kenya na Tanzania ziligawanyika Machi, na kwa nini Kenya ikasogea baada ya wiki 5 hivi? Mataifa makubwa unayoyataka yote yamo humo, ila sasa yana mahali pa kukaa.

Kwenye andiko lenyewe, fumbo hili liwe ukurasa wa kwanza. Wengi huanza na historia ya ukoloni, halafu swali linajitokeza ukurasa wa 8 wakati msomaji ameshachoka. Urefu fuata mwongozo wa chuo chako, lakini kurasa 10 hadi 15 zinatosha kabisa, na mapitio ya maandiko yasizidi theluthi.

Mwanasiasa Mstaarabu
Naongezea kwenye nadharia, maana hapo ndipo maandiko mengi hufia. Huchagui nadharia kama unavyochagua kati ya Simba na Yanga. Unaweka maelezo yanayoshindana, kisha kwa kila moja unaandika: kama hili ni kweli, nitegemee kuona nini kwenye nyaraka na mahojiano?

Kwa mfano wa Rafu, ningeweka manne:

Maslahi, yaani biashara, silaha, mikopo. Kama ndiyo sababu, lazima kuwe na dalili kwamba watoa uamuzi waliyapima kabla ya kura. Kuonyesha tu kwamba nchi fulani inanunua ngano ya Urusi hakuthibitishi kitu.

Historia ya kutofungamana na upande wowote. Kwa Tanzania hii ina uzito: Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963, na Wasovieti waliwasaidia wapigania uhuru waliopitia hapa. Tahadhari: maelezo haya ni matamu mno. Historia ilikuwepo hata kwenye kura ambazo Tanzania haikujizuia, kwa hiyo peke yake haielezi kwa nini kura *hii*.

Nafasi ya nchi kwenye taasisi. Kenya ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama 2021 na 2022, na balozi wake Martin Kimani alikuwa ameshazungumza hadharani Februari 21 kuhusu mipaka iliyorithiwa kutoka ukoloni. Baada ya hotuba ile, kujizuia Machi 2 kungekuwa kujikana. Lakini angalia: Aprili 7 Kenya bado ilikuwa kwenye Baraza hilohilo. Kwa hiyo hoja hii inaeleza Machi na kukwama Aprili.

Na la nne, maudhui ya azimio. La Machi lilihusu mipaka na uvamizi. La Aprili lilihusu kumwondolea mwanachama haki zake kwenye chombo cha UN. Nchi inaweza kuwa na msimamo mmoja usioyumba na bado kura zake zikaonekana zimeyumba. Mimi ningeanzia hapa.

Mbinu inayofaa ni ufuatiliaji wa mchakato: unapanga matukio siku kwa siku na kuuliza kila hatua inaunga mkono maelezo yapi na kuyaua yapi. Usithubutu kuweka rigresheni, yaani hesabu za takwimu za kupima uhusiano wa vigezo. Nchi 2 na kura 2 si data ya takwimu, na mtahini wa nje atakumaliza kwa swali moja.

Bibi Hansadi
Kuhusu data. Anza na Maktaba ya Kidijitali ya UN. Ni bure, na kila kura ina rekodi ya nchi kwa nchi. Usichanganye kujizuia na kutokuwepo: Machi 2, Ethiopia na Morocco hazikushiriki kabisa, hazimo kwenye wale 35. Kosa hili limo hata kwenye makala za magazeti, kwa hiyo chukua takwimu kwenye rekodi yenyewe. Kisha shusha kumbukumbu za neno kwa neno za kikao hicho cha dharura, namba zake zinaanza na A/ES-11/PV. Humo ndimo nchi zinapotoa maelezo ya kura. Nchi iliyonyamaza nayo iandike kwamba ilinyamaza.

Nyumbani, soma hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya 2022/23 pamoja na Hansadi (kumbukumbu rasmi za bunge) ya mjadala wake. Maswali ya wabunge mara nyingi yana nyama kuliko hotuba. Sera ya Mambo ya Nje utakayoitumia ni ya 2001, ndiyo iliyokuwa ikitumika wakati wa kura. Toleo la 2024 lilizinduliwa Mei 2025. Ukilitumia kueleza uamuzi wa 2022 umepindua wakati. Kwa Kenya kuna sera ya 2014. Kama tasnifu ni ya Kiingereza, nukuu za Kiswahili ziweke kwa tafsiri yako ndani ya matini na maneno asilia kwenye tanbihi.

Kwenye Nyaraka za Taifa usitegemee jumbe za maandishi za kibalozi za 2022, kumbukumbu za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30.

Mahojiano 60 futa. Watu waliogusa uamuzi huu hawafiki hapo, na msomaji anajua. Andika 12 hadi 18, ukieleza kila kundi linajua nini: mabalozi wastaafu, wajumbe wa kamati ya bunge ya mambo ya nje wa wakati huo, waandishi waliofuatilia. Kampala iache. Maafisa walio kazini mara nyingi hukataa kurekodiwa, kwa hiyo andika maelezo yako siku hiyohiyo. Wanaokubali, saa 1 ya sauti hula saa 4 hadi 6 za kunakili, na ikichanganya Kiswahili na Kiingereza zaidi.

Jambo ambalo kamati za maadili hulikamata: kuficha jina hakutoshi. "Afisa mwandamizi wa ubalozi wetu New York, 2022" anajulikana kwa jina na watu wote wa wizara.

Kinda la Korongo
Asanteni sana wakuu. Na vibali? Nikibaki na Dodoma na Nairobi?

Rafu ya Tatu
Tanzania anza na barua ya kibali ya chuo chako. Usiende nayo moja kwa moja kwa mhojiwa. Ipeleke kwa Katibu Mkuu wa wizara husika, na ukishuka mikoani kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Zanzibar ina utaratibu wake. Anayetoka nje ya nchi huhitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ukaazi wa daraja C.

Nairobi ni leseni ya NACOSTI (tume ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu), unaomba mtandaoni, na hudumu mwaka 1. Usiombe mapema mno ikaisha kabla hujaenda, wala usisubiri mpaka andiko lipite kila ngazi. Weka miezi 3 ya vibali kwenye ratiba, na miezi hiyo isome nyaraka za UN, hazihitaji kibali cha mtu.

Kinda la Korongo
Nimeandika upya: "Athari za Urusi na nchi za Magharibi katika kura za Kenya na Tanzania kuhusu Ukraine, 2022 hadi 2025."

Mwanasiasa Mstaarabu
Toa "athari", umeshajibu swali kabla ya kuuliza. Toa 2025, maana inakuletea maazimio mengine na serikali nyingine Nairobi. Jaribu: "Kura za Kenya na Tanzania kuhusu Ukraine katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Februari hadi Aprili 2022", na swali la kwa nini likae chini yake. Mpelekee msimamizi ukurasa 1 kwanza kabla hujagusa zile 15.