Naombeni ushauri: coreboot na Heads kwenye ThinkPad X230

Wakuu habari zenu. Nina laptop ya X230, nataka kutoa BIOS ya kiwandani (programu ya kwanza inayoiwasha mashine, yani femuwea) niweke coreboot, ambayo ni femuwea huria, pamoja na Heads inayokagua usalama wakati wa kuwasha, maana nataka kila nikiwasha mashine nijue kama kuna mtu kaichezea. Nilivyoelewa Heads inapima femuwea, vipimo vinakaa kwenye TPM (chipu ya usalama ndani ya mashine), halafu inatoa tarakimu sita unalinganisha na za kwenye simu, zikipishana ujue kuna kitu kimebadilika. Hiyo naipenda sana.

Sasa hii mashine ina chipu mbili za flashi zinazotunza femuwea, MB 8 na MB 4, na programa (kifaa cha kuandikia chipu) niliyonayo ni CH341A ile nyeusi inayopitisha volti 5 kwenye laini za data wakati chipu zinataka 3.3. Mliofanya hii kazi mliirekebisha kwanza au mlitumia Raspberry Pi?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni kwamba X230 haina Boot Guard (kinga ya Intel inayohakiki femuwea kabla haijaanza), yani mtu akiishika akabana klipu ya programa yake kwenye chipu anaweza kuandika femuwea feki inayoipa TPM vipimo vya uongo na tarakimu zikatoka sawa kabisa. Wengine wanapaka rangi ya kucha yenye vimetameta kwenye skrubu na kuzipiga picha, ili mashine ikifunguliwa ijulikane. Inatosha kweli, au kuna njia ya kufunga chipu isiandikike?