Pip alimwambia nini Joe? Nakala yangu ya Great Expectations imechanwa mwishoni

MpwaWaMhunzi

Habari zenu wapenda vitabu. Nina swali moja, ila siwezi kuliuliza bila kusimulia kidogo.

Mwezi uliopita nilinunua Great Expectations ya Charles Dickens kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam. Nimeisoma kwenye daladala, asubuhi na jioni, na Kiingereza chake kizito kimenipitisha kituo mara mbili. Nilichokuwa nakijua ni kwamba ni hadithi ya 1861 kuhusu yatima aliyebahatika. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba ningejikuta mle ndani.

Kwa ambaye hajakisoma: Pip hana baba wala mama. Analelewa na dada yake, mwanamke mkali kama pilipili, na mume wa dada huyo, Joe, mhunzi wa kijijini huko Kent, kwenye nchi ya vinamasi. Joe hajui kusoma. Pip akiwa mdogo anamwandikia barua kwenye kibao, na Joe anachoweza kukitambua mle ni herufi mbili tu, J na O, jina lake. Anavyozifurahia herufi hizo ungedhani kahitimu.

Halafu Pip anapelekwa kucheza kwenye nyumba ya bibi mmoja tajiri, Miss Havisham, na huko anakutana na Estella. Binti anamcheka: hata karata hajui kuziita, mikono migumu, viatu vizito. Basi. Kuanzia siku ile Pip anaitazama nyumba ya Joe kwa macho ya Estella. Anapopata fedha kutoka kwa mfadhili asiyemjua na kwenda London kuwa bwana mkubwa, anamwambia Joe atatembea peke yake mpaka kwenye gari la farasi. Mwenyewe anakiri kwamba hakutaka waonekane pamoja. Baadaye akirudi mji wa kwao, anajitungia sababu za kulala hotelini badala ya kwa Joe.

Hapo nilifunga kitabu kwa siku tatu.

Mimi nimelelewa na mjomba, mhunzi, kule Mamba, upande wa Marangu. Anafua mundu, majembe, shoka, kengele za ng'ombe. Kazi yangu utotoni ilikuwa kuvukuta. Mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu ukipanda ule unashuka, mpaka chuma kiwe rangi ya papai bivu. Ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye fuawe lile.

Mwaka 2011, nikiwa mwaka wa pili chuo, mjomba alikuja Dar kuniona. Alipanda basi la alfajiri kutoka Moshi, jioni akafika hosteli na kikapu cha ndizi mshare. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu akiwa amekipakata kikapu magotini. Nilimwambia akiweke chini, akakataa. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe, naye aliogopa utomvu wa ndizi utaacha doa. Alivaa koti la kanisani, mikono mifupi kidogo, na vikovu vya cheche vilionekana kuanzia kwenye viganja mpaka kunako koti.

Wakaingia wenzangu wawili. Mmoja akauliza kwa heshima tu, "Huyu mzee ni nani?"

Nikajibu, "Ni jirani yetu wa nyumbani."

Mjomba alinitazama mara moja. Kisha akawaambia, "Ndiyo, tunapakana mashamba. Kijana huyu ana akili, mtunzeni." Kesho yake asubuhi akaondoka. Ndizi zilikuwa tamu, wenzangu walizisifia wiki nzima.

Hajawahi kulitaja jambo lile. Kila Krismasi napanda nyumbani kama Wachaga wote, ananichinjia, ananikatia mbavu. Na mimi kila Krismasi nalala hoteli Moshi mjini, nasingizia gari haliwezi ile barabara.

Sasa swali langu. Nimefika pale Pip ameishiwa, anaumwa, anadaiwa, na Joe anakuja London kumuuguza kama mtoto. Pip anapopata nafuu, anaamka asubuhi moja anakuta Joe keshaondoka. Mezani kuna barua fupi na stakabadhi: Joe amemlipia deni lote. Nakala yangu inaishia hapo, kurasa zilizobaki zimechanwa. Je, Pip alimfuata? Alisema neno, au yaliishia kimyakimya? Nimekaa na lile neno "jirani" miaka 14.

MwalimuWaFasihi

Pole kaka. Alimfuata. Iko sura ya 58. Pip anarudi kijijini akiwa na nia ya kumwoa Biddy, yule msichana aliyemfundisha Joe kuandika. Anakuta ndiyo siku ya harusi ya Joe na Biddy wenyewe, maana dada yake Pip alikwisha kufariki. Anawatakia heri, kisha, kabla ya kuondoka, anafanya jambo ambalo ndilo jibu lako. Anamshukuru Joe kwa yote, anakiri kwamba hakuwa na shukrani, halafu anamwomba amsamehe. Na hatosheki na kumwona Joe ametabasamu. Anataka maneno yenyewe yatamkwe ayasikie kwa masikio yake, aondoke nayo. Joe anamwambia Mungu anajua kwamba amemsamehe, kama kweli kulikuwa na cha kusamehe.

Niongeze moja, maana huwa nawaambia wanafunzi. Dickens aliijua aibu hii kwa ndani. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa madeni, naye akapelekwa kwenye kiwanda cha rangi ya viatu kubandika lebo kwenye vikopo. Alipokuja kuwa mtu mashuhuri aliificha habari hiyo miaka mingi, akamwambia rafiki yake John Forster. Ndiyo maana Pip hajitetei. Anayesimulia ni Pip mtu mzima, na kila anapojikumbuka akimkwepa Joe anajichoma mwenyewe bila huruma.

MamaWaMahamri

Mwanangu, mimi sijakisoma kitabu hicho, lakini huyo Joe namjua, kwa kuwa ni mimi. Nimesomesha wanangu kwa mahamri na mbaazi hapa Mombasa. Mmoja siku moja alinipita sokoni akiwa na wenziwe wa kazini, akageuza uso. Nilikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

Wataka kujua tulihisi nini? Mimi sikuwa na hasira. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta chenji, asije akadhani nimemwona. Mjomba wako aliposema mwapakana mashamba alikuwa akikusitiri, usiaibike mbele ya wenzio. Ukishamsitiri mtoto hivyo, huwezi tena kulifungua jambo wewe. Mlango umebaki kwake yeye, mtoto. Wangu bado sijamsikia, na nangoja.

Mwambie. Na usimwambie kwa simu.

Ndege_Mwitu

Naomba nitofautiane kidogo. Pip alikuwa mtoto alipofundishwa kuona haya, na aliyemfundisha alikuwa mtoto vilevile, naye amelelewa na bibi aliyesimamisha saa zote za nyumba yake kwa uchungu wa kuachwa siku ya harusi. Ndugu mwuliza, ulikuwa kijana mgeni mjini, usijihukumu kama ulimwibia mtu. Na wazee wetu wengine ukiwapigia magoti kuomba radhi unawatia wao aibu mpya. Baba yangu angenyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Ila kuna ukurasa mmoja naomba uurudie, mwisho wa sura ya 19. Siku ile ya kuondoka, Pip anafika kwenye nguzo ya kuonyesha njia pembezoni mwa kijiji, anaishika, analia. Akiwa ndani ya gari anawaza: wakibadilisha farasi nishuke, nirudi kwa miguu, nilale nyumbani usiku mmoja tu, niage vizuri. Farasi wanabadilishwa. Anasema ngoja kituo kijacho. Wanabadilishwa tena, na sasa ni mbali mno.

MpwaWaMhunzi

Mwalimu, asante. Nimeitafuta sura ya 58 kwenye simu, nimeisoma usiku mara mbili. Pale Pip anapotaka kuyasikia maneno, nilisimama nikatoka nje.

Ndege_Mwitu, nimekuelewa, na wangu pia yumkini atanyanyuka. Lakini sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka 22.

Mama, shikamoo. Sikuwahi kuwaza kwamba alikuwa akinisitiri. Miaka yote nilidhani labda hakusikia vizuri.

Leo mchana nimempigia. Sikusema kitu, nimemuuliza tu kama mivukuto bado ipo. Akasema mmoja umetoboka na hana wa kumvukutia, watoto wa siku hizi wanakimbia moshi. Nimemwambia nakuja Ijumaa, nitalala pale pale nyumbani. Akanyamaza, kisha akauliza kama bado natumia mito miwili.

Na yule mwenzangu wa hosteli, aliyeuliza mzee huyu ni nani, siku hizi yuko Arusha. Nimemwomba tuonane Mamba Jumamosi. Nataka aulize tena.