Mgomo Jumatatu: nikiingia kazini ama nikikataa, nitafutwa?

WaridiNjoro: Wadau habari, niko shamba moja la maua huku Njoro na wiki hii yote stori ni mgomo tu, kutoka grinhausi mpaka grading. Wengine wanasema Jumatatu hakuna mtu kuingia, supavaisa naye anasema atakayekosa ajue kwao ni wapi, sasa mimi na kontrakti yangu inaisha Juni na watoto wako shule sijui nishike wapi. Eti pia nikiingia kazini nitatolewa kwa chama cha wafanyakazi, ni ukweli?

StiwadiMstaafu: Dada, uliza kwanza notisi iko wapi. Kugoma ni haki yako, Katiba ya Kenya kifungu cha 41, lakini sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inataka mzozo uwe wa mambo ya kazi, upelekwe kwa msuluhishi ushindikane, halafu chama kiandikie mwajiri na waziri notisi ya siku 7. Hayo yakifuatwa hawezi kukufuta wala kukupa warning juu uligoma. Lakini kama ni watu wameamka tu asubuhi wakafunga geti, hapo umevunja kontrakti na anaweza kukuita disiplinari.

OmeraKondele: Na pesa usingoje. Hata mgomo ukiwa halali bosi halazimishwi kulipa siku hukufanya kazi, watu hugundua hii wakiona pesilipu.

MtuWaLanet: Hiyo ya kutolewa kwa chama ni vitisho. Ukikataa mgomo ambao haujafuata sheria, chama hakiwezi kukufukuza wala kukubagua. Mgomo ukiwa halali ni stori ingine, hakuna mtu wa kukuburuta lakini kantini mtakutana tu 😅

WaridiNjoro: Asanteni sana. Notisi hakuna mtu ameiona, kesho namuuliza stiwadi wetu, yule mwakilishi wa chama hapa kazini. Na hiyo kontrakti ya Juni je?

StiwadiMstaafu: Hapo ndio kugumu, sikudanganyi. Kontrakti ikifika mwisho wananyamaza tu hawarenew, na kuonyesha ni juu ya mgomo inakuwa kibarua. Kwa hivyo piga picha notisi ikitoka, weka mesej zote za supavaisa, na usisaini karatasi hujasoma. Ukiona vituko ingia leba ofisi Nakuru mapema, korti ya leba pia iko hapo mjini.