Muuza shokapu, kabla hujapokea hela yangu niulize gari imeshuka sentimita ngapi!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ndani ya miezi saba nimefunga seti mbili za shokapu kwenye gari moja, na leo asubuhi za mbele zimekutwa zinavuja tena, zote mbili. Mara ya kwanza laki tano na nusu, mara ya pili laki tano, na hapo sijahesabu hela ya fundi wala ya kusafirishia mzigo kwa basi kutoka Dar mpaka hapa Tabora.

Gari ni Toyota Altezza ya 2001. Niliinunua kwa mtu ikiwa imeshashushwa kimo, rimu za inchi 17, imelala vizuri kabisa. Aliishushaje, sikuuliza. Siku ya kufungua ndipo tukaona springi zimekatwa kwa grainda, za mbele mzunguko mmoja na nusu. Nikachukua tepu, nikapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, nikalinganisha na Altezza ya jirani ambayo haijaguswa. Mbele, yangu iko chini kwa sentimita tano.

Sasa sikilizeni nilivyouziwa. Nampigia muuzaji Kariakoo: "Bosi, gari gani?" Altezza. "Ya mwaka gani?" 2001. "Zipo, tuma hela." Nikamwambia, kaka, hii gari imeshushwa. Jibu lake: "Hamna shida, zinakaa tu." Zinakaa tu! Bolti zikiingia kwenye matundu yake, kwake kazi imekwisha.

Za kwanza zilipokufa nikampigia tena. Akaniambia barabara zetu za Tabora mbovu. Barabara ipi? Mimi natoka Ipuli kwenda mjini, na mara mbili kwa mwezi nampeleka mama Nzega, lami mwanzo mwisho. Kuna matuta, kuna rasta (vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo), kuna vipande vya vumbi mitaani kama mji wowote wa nchi hii. Altezza ya jirani inapita humo humo na shokapu zake hazijawahi kutoa hata tone.

Nimekaa na fundi mmoja mzee anayeelewa, nikasoma na mwenyewe, na kilichoniumiza ni kwamba jambo lenyewe si gumu. Shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu inaituliza, kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo vya pistoni ili springi isiendelee kurukaruka. Ile fimbo yake ina safari yake, kwenda chini na kurudi juu. Gari ikishuka sentimita tano, hata ikiwa imesimama tu fimbo imeshazama sehemu ya safari yake. Nafasi iliyobaki chini ni ndogo. Ukifika kwenye tuta, gari inagonga ile raba ya kuzuia, na raba ikiwa imekatwa au imeoza, pistoni inakwenda kugonga valvu iliyo kwenye kitako cha shokapu. Fanya hivyo kila siku uone kama itamaliza mwaka.

Na springi ikikatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu zaidi. Ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi ukaondoa mmoja na nusu, ugumu unapanda kwa theluthi moja. Shokapu ya kawaida ilitengenezwa kutuliza springi laini ya kiwandani. Ukiipa hii ngumu inazidiwa inaporudi juu, gari inadunda, oili inachemka na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana ukipita rasta za kuingia Nzega usukani unakuwa mwepesi kama tairi hazigusi chini. Mama aliniambia, "Mwanangu, punguza, roho yangu inapaa." Nilikuwa naendesha hamsini!

Halafu kuna hili la fundi aliyefunga seti ya pili, si yule mzee. Kava la vumbi linalofunika fimbo alilitupa, eti linabana kwa kuwa springi ni fupi. Kwa mchanga wa Tabora huu! Mchanga unashika kwenye fimbo, unachuna kroumu, fimbo iliyochunika inachana sili, oili inatoka. Nimezifungua leo, mikwaruzo inaonekana kwa macho. Nilipomuuliza akasema, "Mdogo wangu, shokapu ni shokapu."

Si kweli, na wenye viwanda wanalijua hilo siku nyingi. Bilstein, watengeneza shokapu wa Ujerumani, wana B6 kwa gari iliyobaki kwenye kimo chake, na wana B8 yenye fimbo fupi kwa gari iliyofungwa springi za kushushia. Wangehangaika kutengeneza aina mbili kama zote "zinakaa tu"? Sisemi kila mtu anunue Bilstein, bei yake naijua. Nasema tofauti ipo, na anayeuza spea anatakiwa aijue.

Kwa anayetaka kushusha, au aliyenunua iliyoshushwa kama mimi, naomba pima kwanza. Usimwamini aliyekuuzia. Ukikuta springi imekatwa, usitafute shokapu ya kuivumilia, hiyo springi itoe. Springi iliyokatwa, gari ikinyanyuliwa na jeki inalegea, haikai tena kwenye kikalio chake, na siku ikihama ukiwa kwenye mwendo hutakuwa na muda wa kujuta. Rudisha za kiwandani na shokapu za kawaida, au funga springi zilizotengenezwa kwa kushusha pamoja na shokapu fupi zenye ugumu unaolingana nazo. Zile seti za mtumba za kurekebisha kimo zinazotoka Japani zinaweza kufaa, ila zungusha ile pete ya kurekebishia kabla hujalipa, maana nyingi zimeshika kutu hazigeuki, na ukate tamaa mapema ukiona unyevu wa oili kwenye fimbo. Fundi akitaka kutupa raba ya kuzuia au kava la vumbi, mwambie asimame hapo hapo.

Mimi nimeamua kurudisha springi za kiwandani. Gari itapanda na sura itapotea, najua, lakini mama ndiye anayekaa kiti cha mbele.

Hizi nne zilizokufa ninazo kwenye buti. Mwezi huu nina safari ya Dar na nitamwekea mezani kwake na risiti yake. Kama kuna mwenye springi nzima za Altezza hapa Tabora, Nzega au Kahama, za mbele na nyuma, ambazo hazijaguswa na grainda, aweke picha hapa na urefu wake akiwa amezipima kwa tepu. Bila kipimo sinunui.