Kitabu gani kilikushika likizo? Tupeane uzoefu

Mama Mapacha: Wadau, wanangu wanafunga shule wiki ijayo, na simu nimeshazificha. Nataka kila mmoja apate riwaya ya Kiswahili. Msinitajie jina tu, semeni ilivyowakamata. Mimi ni Mzimu wa Watu wa Kale. Darasa la sita, kijijini kwa bibi, niko na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mpaka mafuta ya kandili yakaisha. Nikahamia jikoni kusomea kwenye makaa. Bibi akatoka na mchi, kadhani mwizi.

Yakhe Mkunazini: Kiko kile! Naunga mkono.

Mjukuu wa Bandarini: Kuli. Babu yangu alibeba magunia bandarini Unguja na hakuwahi kutusimulia lolote. Nilipofika kwa Rashidi na mgomo wa 1948, nikaelewa kwa nini bega lake moja lilikuwa limelala.

Binti Nansio: Mmenitonesha. Rosa Mistika. Likizo ya Juni, kidato cha pili, nimerudi nyumbani Ukerewe. Nimeazimwa na rafiki, naye kakichukua kwa dada yake bila ruhusa, maana tulisikia kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Nikakificha kwenye debe la udaga, ile mihogo mikavu. Hebu fikirini: hadithi ni ya huku huku kwetu, baba anampiga binti kwa ajili ya barua, na mimi naisoma huku namsikia wangu akikohoa uani. Siku ya tatu mama kaenda kuchota udaga wa kusaga, kitabu kikaanguka miguuni pa mzee. Hakunipiga. Alivuta kigoda, akafungua mwanzo, akasoma. Taratibu, kidole kinafuata mstari. Alisoma mpaka chai yake ikapoa. Kisha akainuka bila neno, akaenda kukiweka kati ya mafiga. Nilikuwa nimebakiza kama kurasa thelathini. Kule kusoma kwake ndiko kunakoniuma hadi leo, kuliko moto. Rosa aliishia wapi sijui. Nikikiona kwa wauza vitabu napita upesi.

Kijana wa Ghetto: Pole sana dada. Rosa anakufa.

Mjukuu wa Bandarini: Wewe! Mtu kasubiri miaka yote hiyo, unamwagia hivyo hivyo?

Kijana wa Ghetto: Kitabu cha 1971 mkuu, kuna siri gani tena?

Mjukuu wa Bandarini: Yeye hajakimaliza. Muombe radhi.

Mwalimu wa Kitale: Huku Kenya nawapendekezea Siku Njema ya marehemu Ken Walibora. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babake mpaka huku kwetu Kitale. Niliisoma ndani ya basi la usiku, nikilia, jirani akanipa leso.

Yakhe Mkunazini: Mama Mapacha, wape Vuta N'kuvute. Wamwone Yasmin anavyomkimbia mume mzee.

Mama Mapacha: Yakhe, wana miaka kumi na mmoja!

Yakhe Mkunazini: Basi waanze na filamu.

Mwalimu wa Kitale: Hapana, filamu baadaye. Ukishaiona sura ya Denge, mpenzi wa Yasmin, kwenye skrini, huwezi tena kumchora mwenyewe kichwani.

Kijana wa Ghetto: Mama, usiwape chochote. Vifiche kwenye debe la unga, uwaambie ni marufuku. Siku mbili vimeisha. Na Binti Nansio, samahani kwa kweli. Sikufikiria.

Mjukuu wa Bandarini: Hapo sawa.

Mama Mapacha: Debe ninalo. Bwana Msa anaingia leo leo. Kuli nitaisoma mwenyewe kwanza.

Binti Nansio: Nimeona. Nimekaa na simu mkononi kitambo. Kijana, yamekwisha. Kesho nashuka mjini kukinunua, hizo thelathini nizisome mwenyewe. Mzee anaishi kwangu siku hizi, macho yamepungua, kutwa yuko sebuleni na redio yake. Nitasomea hapo hapo. Akiniuliza ni kitabu gani, nitamwambia.